Pini Iliyopinda na Kadi Iliyoziba: Uchambuzi wa Kisa cha Kamera ya Harusi, Tanga

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kamera moja ya kidijitali iliyoletwa kwenye meza yangu ya ufundi mjini Tanga ikiwa na tundu la kadi lililoharibika. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, hasa wale waliotoka kwenye ufundi wa simu na sasa wanaanza kupokea kamera, na pia kwa wapiga picha ambao riziki yao hupita ndani ya tundu hilo. Majina, mtaa, toleo la kamera na tarehe nimeviondoa kwa makubaliano na mwenye kamera, ambaye hapa nitamwita mteja. Kijana anayefanya naye kazi nitamwita msaidizi. Nilipokosea nimeandika kama ilivyokuwa.

Usuli

Mteja ni mpiga picha wa harusi. Kazi zake nyingi ziko mjini Tanga, na chache humpeleka Muheza na Pangani. Msimu wake mkubwa huanza Mfungo Mosi, kwa kuwa familia nyingi za hapa hazifanyi harusi ndani ya Ramadhani, na zile zilizosubiri hufululiza wiki baada ya wiki mara Idi inapopita. Tukio lilitokea katikati ya msimu huo. Kamera yake ni DSLR (kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha) ya mtumba yenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambayo bado inatoa picha nzuri, lakini ina tundu moja tu la kadi, na kadi inayotumia ni ya aina ya CompactFlash.

Sina budi kuieleza kadi hiyo, kwa sababu karibu kila uamuzi nilioufanya ulitokana na umbo lake. CompactFlash ilitolewa na kampuni ya SanDisk mwaka 1994. Ni pana kuliko kadi ya SD iliyozoeleka: milimita 43 kwa 36, na ile ya kawaida ina unene wa milimita 3.3. Kadi ya SD ina vibati bapa vya shaba vilivyo wazi mgongoni mwake, navyo huguswa na vijilimi vya chuma chenye kunepa vilivyomo ndani ya kamera. CompactFlash ni kinyume chake: kadi ndiyo yenye vitundu ukingoni, na kamera ndiyo yenye pini. Pini hizo ni 50, zimepangwa safu 2 za pini 25, na kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 1.27 tu. Kila pini lazima iingie kwenye kitundu chake. Ikikuta kizuizi, haina pa kwenda ila kupinda.

Mpangilio wa pini nao una faida kwa fundi anayeujua. Pini ya katikati kabisa katika kila safu, yaani namba 13 na namba 38, ndizo zinazopeleka umeme kwenye kadi. Ardhi, yaani njia ambayo umeme hurudia, iko namba 1 na namba 50, kwenye kona 2 zinazotazamana kimshazari. Na kona 2 zilizobaki, namba 25 na 26, ni za kuiarifu kamera kwamba kadi imeingia. Pini za umeme na za ardhi ni ndefu kidogo kuliko nyingine ili zitangulie kugusa, na zile za kuarifu ni fupi kuliko zote ili ziguse mwisho. Nimewahi kumwona fundi akihangaika kuivuta pini ya kona akidhani imebonyea, kumbe ndivyo ilivyotengenezwa.

Mfululizo wa matukio kabla kamera haijanifikia

Usiku wa Jumamosi, mnamo saa 4, kadi ya kwanza ilijaa ukumbini. Taa zilikuwa zimepunguzwa kumsubiri bibi harusi aingie, na msaidizi alikuwa na dakika chache za kubadilisha kadi. Aliitoa kadi ya pili kwenye mfuko wa suruali, ilikokuwa imekaa bila kasha pamoja na sarafu na funguo, akaiingiza. Iligoma ikiwa imebakia kidogo kuzama. Akaisukuma kwa kidole gumba, ikazama. Kamera ikaonyesha onyo la kadi na kukataa kupiga picha.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nikiandike kisa hiki. Msaidizi aliitoa kadi ya pili akairudisha ile ya kwanza, iliyojaa picha za nikahi na za mchana wote, ili ajue kama ubovu uko kwenye kadi au kwenye kamera. Mtu mwenye akili hufikiri hivyo. Lakini wakati huo pini ilikwisha kupinda, na kadi yenye picha ikasukumwa juu yake. Onyo likabaki palepale. Mteja alimaliza usiku kwa kamera aliyoazimwa na mwenzake.

Jumapili waliipeleka kamera kwa fundi wa simu wa karibu na nyumbani, ambaye kwa nia njema aliingiza sindano ya kushonea tunduni na kuiinua pini iliyolala, betri ikiwa bado imo ndani. Pini ilisimama. Wakaingiza kadi kujaribu, na pini ikalala tena, safari hii hadi kwenye sakafu ya tundu. Jumatatu asubuhi wakaja kwangu.

Habari hizi sikuzipata mara moja. Mteja alinieleza tu kwamba kamera “haisomi kadi”. Nilimwomba aniruhusu nizungumze na kijana peke yake, na hapo ndipo aliposema, “Fundi, iligoma, nikasukuma. Halafu nikasukuma na ile nyingine.” Maneno hayo machache yalinipunguzia kazi ya nusu siku. Fundi anayemhoji msaidizi mbele ya mwajiri wake asitegemee kuambiwa alichosukuma.

Uamuzi wa kwanza: kadi kabla ya kamera

Nilitoa betri, nikaomba kadi zote 2, nikaiweka kamera pembeni. Mteja alishangaa kidogo kwa sababu alikuja kutengenezewa kamera. Nilimweleza kwamba kamera inaweza kupatikana nyingine, lakini harusi ile haitafanyika tena, na picha zake zimo ndani ya kadi ambayo sasa nayo inaweza kuwa imejeruhiwa.

Jambo jepesi lingekuwa kuichomeka kadi ya kwanza kwenye kisoma kadi na kunakili picha. Sikufanya hivyo, kwa kuwa kisoma kadi nacho kina pini 50 zilezile, na kadi yenye kitundu kibovu huzipinda kama ilivyozipinda za kamera. Kwanza nilivitazama vitundu vyote 50 kimoja kimoja kwa lenzi ya kukuzia, taa ikiwa imelazwa upande ili kivuli kionekane.

Kadi ya kwanza ilikuwa na kovu. Pini iliyopinda ilikuwa imekwaruza mdomo wa kitundu kimoja na kuinua kijipande cha plastiki kilichokiziba karibu nusu. Kadi ya pili, ile ya mfukoni, ilikuwa na kitundu kilichozibwa kabisa na nyuzi za kitambaa zilizoshikamana na mchanga, zimegandamizwa ndani hadi zikawa ngumu kama kizibo. Nilivihesabu vitundu kutoka pembeni katika kadi zote 2. Kilichozibwa na kilichokwaruzwa kilikuwa ni kilekile: cha 3 kutoka kwenye kona.

Hapo picha nzima ilinijia. Kadi ya pili ilikuwa imeziba kabla haijaingizwa, ikaipinda pini. Pini iliyopinda ikaijeruhi kadi ya kwanza. Na kadi ya kwanza, laiti ingeingizwa kwenye kamera nyingine, ingeipinda pini ya huko. Ubovu ulikuwa unahama kutoka upande mmoja wa kiungo hadi mwingine. Kama ningenyoosha pini na kumrudishia mteja kamera pamoja na kadi zake, angerudi Jumapili iliyofuata na ubovu uleule, naye angekuwa na haki ya kunilaumu.

Nilikata kijipande cha plastiki kwa ncha ya wembe chini ya lenzi, nikapuliza kitundu, nikakitazama tena. Kisha nikatumia kisoma kadi cha bei ndogo ambacho nilikuwa tayari kukipoteza. Kadi ilizama bila kugoma, picha zote zikasomeka, nikazinakili sehemu 2 tofauti na kuzifungua kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho kabla ya kumwambia mteja neno lolote. Hatukuifomati kadi ile wala kuitumia tena. Aliihifadhi kama nakala ya 3 hadi alipokabidhi albamu.

Uamuzi wa pili: kunyoosha au kubadilisha

Ndani ya tundu nilikuta pini 2 zenye hitilafu. Ya kwanza ilikuwa jirani wa pini ya umeme ya katikati, nayo ilikuwa imeinama kiasi cha kuigusa. Ya pili ilikuwa ile ya 3 kutoka pembeni, imelala sakafuni.

Kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, nilipima kona za tundu dhidi ya chuma cha chini kinachofungwa kwenye tripodi ili nijue ni kona zipi zenye ardhi. Pini iliyolala ilihesabiwa kutoka kwenye kona ya ardhi, na hilo lilitosha kuniambia kazi yake: ukihesabu kutoka kona yoyote ya ardhi, iwe ya safu hii au ile, pini ya 2, ya 3 na ya 4 zote ni njia za data. Kwa hiyo sikuweza kujifariji kwamba huenda kamera haiihitaji. Multimita ikathibitisha pia kwamba pini ya umeme na jirani yake zilikuwa zimeungana kweli. Hii iliniogopesha zaidi kuliko ile iliyolala. Pini iliyolala huikosesha kamera data tu, lakini pini inayogusana na ya umeme inaweza kupeleka volti 3.3 au hata 5, kutegemea kamera, mahali ambapo umeme huo hautakiwi, na kila mara kamera ilipowashwa hatari hiyo ilirudiwa. Ndiyo sababu nasisitiza betri itoke kwanza.

Nilimpa mteja njia 2. Ya kwanza ilikuwa kunyoosha pini kupitia mlango wa kadi, bila kuifungua kamera, kwa malipo madogo, huku akijua kwamba ile iliyolala inaweza kuvunjika kwa sababu ilikwisha kuinuliwa mara moja na kulala tena. Ya pili ilikuwa kubadilisha tundu zima, jambo lililohitaji kamera chakavu ya toleo lilelile kwa ajili ya spea, kuifungua kamera yake, na siku kadhaa za kusubiri. Alikuwa na harusi Jumamosi. Alichagua kunyoosha, nami nilikubaliana naye. Mwishoni nitaeleza kwa nini sasa ningemshauri vingine.

Kifaa nilichotumia ni sindano ya hospitali iliyokatwa ncha na kusawazishwa kwa tupa hadi mdomo wake ukawa bapa. Sindano huvishwa juu ya pini kama ala juu ya kisu, kisha huinuliwa taratibu, pini ikifuata ndani yake bila kubanwa mahali pamoja. Tofauti na kibano au sindano ya kushonea ni kwamba vitu hivyo huisukuma pini kwenye nukta moja, na kwenye nukta hiyo ndipo chuma hukunjika. Chuma cha pini hugumu kila kinapokunjwa na kukunjuliwa, na mwisho hukatika kama waya unaopindwa huku na huku. Hivyo pini hunyooshwa kwa mwendo mmoja, polepole, na fundi huacha mara tu inapofika panapotosha kuingia kwenye kitundu, hata kama haijawa wima kabisa kwa kupendeza.

Jirani wa pini ya umeme alinyooka kwa urahisi, na multimita, ambayo hulia pini zinapogusana, ikanyamaza. Ile iliyolala niliinua kwanza kwa ndoano nyembamba hadi sindano ikapata pa kuvaa, kisha nikaimalizia. Ilisimama. Mteja alikuwa amekaa kwenye benchi akitazama, na uso wake ulinyooka pamoja nayo.

Jaribio lililoivunja pini

Nina kawaida ya kuingiza na kutoa kadi mara 20 kabla ya kukabidhi kazi ya namna hii, na hufanya hivyo kwa kadi ya majaribio yenye ujazo mdogo, isiyo na kitu cha mtu. Mara ya kwanza kamera ilisoma. Ikasoma ya pili, ya tatu, hadi ya sita. Mara ya saba onyo likarudi. Nilipotazama tunduni, pini ya data haikuwepo. Ilikatika shinani, na kipande chake kilibaki ndani ya kitundu cha kadi ya majaribio.

Namwomba msomaji aitafakari hali hiyo. Kama ningeridhika na kusoma mara moja, pini ingekatika ukumbini Jumamosi, ndani ya kadi ya harusi nyingine. Na kama nisingeitazama kadi ya majaribio, ningekuwa na kadi yenye chuma ndani ya kitundu, tayari kuipinda pini ya kamera itakayofuata mezani kwangu.

Kabla ya kuendelea nilimtajia mteja njia nyingine ambayo fundi asiidharau: pale pini zilizonyooshwa zinaposimama lakini hazitegemewi, kadi moja kubwa inaweza kuachwa tunduni daima na picha kuhamishwa kwa waya wa USB. Nimewahi kuwashauri hivyo watu wengine na wamefanya kazi kwa miezi mingi. Kwa mteja huyu njia hiyo ilikwisha kufungwa, kwa kuwa pini haikuwepo tena. Alikodi kamera kwa ajili ya Jumamosi, na tukaagiza kamera chakavu ya toleo lilelile, iliyokufa shata (pazia linalofunguka na kufunga picha inapopigwa), kutoka Dar es Salaam. Ilifika kwa basi siku ya Alhamisi.

Kubadilisha tundu

Kamera yenye flashi ndani yake ina kapasita inayobeba umeme wa takriban volti 300, na hubaki nao hata betri ikiwa imetolewa. Fundi wa simu hajawahi kukutana na kitu cha namna hii mezani kwake, na ndiyo maana naliandika hili kwa uzito: baada ya kufungua ganda, kapasita hiyo hutafutwa kwanza na kumalizwa umeme kupitia rezista (kipunguza umeme) yenye waya uliofunikwa vizuri, kisha hupimwa kwa multimita, ndipo mkono uingie. Kuigusisha kwa bisibisi kunatoa cheche na kunaweza kuharibu bodi, yaani kibao chenye saketi za kamera.

Skrubu za kamera za Kijapani nyingi ni za kipimo cha JIS, yaani viwango vya Kijapani. Bisibisi ya nyota ya kawaida huziingia lakini haikai sawasawa, nayo huzila vichwa. Nilichora umbo la kamera kwenye karatasi na kuichomeka kila skrubu mahali pake kwenye mchoro, maana urefu wao hutofautiana na skrubu ndefu ikirudishwa kwenye shimo la fupi huweza kufika kwenye bodi. Nyaya bapa zote zilitolewa kwa kufungua kwanza vifungio vyake vidogo. Chini ya ganda nilikuta ukungu wa kijani kwenye vichwa vya skrubu kadhaa. Kamera inayoishi Tanga, karibu na bahari, huwa hivyo.

Katika toleo hili tundu la kadi limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Ingekuwa rahisi kuhamisha bodi nzima kutoka kwenye kamera chakavu. Nilikataa, kwa sababu bodi kuu hubeba kumbukumbu za marekebisho ya kiwandani yanayoihusu kamera ile peke yake, na bodi ya kamera nyingine ingeweza kumletea mteja matatizo ya fokasi ambayo sina vifaa vya kuyarekebisha.

Nililazimika basi kutoa matundu 2, na niliyatoa kwa njia 2 zinazopingana. Kwenye bodi ya mteja, bodi ndiyo iliyokuwa na thamani na tundu halikuwa na thamani tena. Kwa hiyo nililikata tundu lile vipande vipande kwa koleo ndogo ya kukatia, nikaiacha miguu yake ikiwa imesimama peke yake, kisha nikautoa mguu mmoja mmoja kwa chuma cha kulehemia na fluksi (dawa ya kusaidia kulehemu) nyingi, bila kuupasha moto mwingi mahali pamoja. Kwenye bodi ya kamera chakavu, tundu ndilo lililokuwa na thamani. Huko nililifunika kwa tepu ya kuhimili joto ili plastiki isilegee, nikaipasha bodi kwa bloa ya hewa ya moto kutokea upande wa nyuma bila kuihurumia, hadi risasi yote ya kulehemia ikayeyuka na tundu likanyanyuka lenyewe. Fundi anayetumia bloa kwa namna moja kwenye bodi zote 2 hupoteza ama njia za shaba za bodi nzuri ama plastiki ya tundu zuri.

Kabla ya kulehemu nilizitazama pini zote 50 za tundu lililotoka kwenye kamera chakavu kwa lenzi ileile. Nililipanga, nikashikiza kona kwanza, nikahakikisha limekaa sambamba na mlango wa kadi, ndipo nikamalizia miguu yote. Kisha nikapima kila mguu dhidi ya jirani yake. Nilikuta miguu 2 imeunganishwa na risasi, nikaitenganisha, nikapima upya tangu mwanzo badala ya kuendelea nilipoishia. Nilisafisha kwa spiriti ya isopropili kutoka kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Chupa inayokaa wazi katika hewa ya huku hunywa unyevu, na spiriti yenye maji huacha utando.

Matokeo

Kamera ilisoma kadi mpya. Niliiingiza na kuitoa mara 25, nikaifomati ndani ya kamera, nikapiga picha hadi ikajaa, nikazinakili na kuzifungua. Mteja alichukua kamera Jumanne, na harusi za wiki iliyofuata alizipiga kwa kamera yake. Miezi 4 baadaye aliileta ili niitazame. Pini zote zilikuwa wima na hakuna onyo lililowahi kutokea.

Kulikuwa na dosari moja. Kamera ilikaa siku nyingi bila betri, saa yake ya ndani ikarudi mwanzo, nami sikuiweka sawa wala kumkumbusha mteja. Katika harusi ya kwanza baada ya matengenezo, picha za kamera yake na za mwenzake hazikujipanga kwa muda zilipounganishwa kwenye kompyuta, na alizipanga kwa mkono usiku mzima. Sasa kuweka tarehe na saa ni sehemu ya makabidhiano.

Jambo jingine lilihusu msaidizi. Mteja alikuwa amekusudia kumkata ujira wake hadi gharama ya matengenezo itimie. Nilimwita mteja, nikamwonyesha kitundu kilichoziba chini ya lenzi kabla sijakizibua, nikamweleza kwamba kadi ile ingeipinda pini hata mikononi mwa mtu mwenye uzoefu wa miaka 20, kama angesukuma. Alikitazama kwa muda mrefu. Ujira haukukatwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuanza na kadi. Kingeachwa, kila hatua nyingine ingekuwa bure, hata ile ya kubadilisha tundu, kwa sababu kadi yenye kizibo ingekuwa inasubiri mfukoni. Mafundi tumezoea kupokea kifaa na kukitazama chenyewe. Tundu la kadi ni nusu ya kiungo tu, na nusu ya pili mteja huja nayo mfukoni au huiacha nyumbani. Siku hizi sipokei kamera yenye ubovu wa tundu bila kadi zake zote, na mteja asipokuja nazo humwomba arudi nazo.

Hoja hiyo inaihusu SD pia, ingawa kwa umbo jingine. Kadi ya kawaida ya SD ina vibati 9, na zile za kasi ya UHS-II zina 17. Kati ya vibati hivyo hupita kingo nyembamba za plastiki, na kadi inapochakaa kingo hizo huvunjika. Kipande kilichovunjika hubaki ndani ya tundu na kukiinua kijilimi, au kijilimi hunasa pale ukingo ulipokuwa. Karatasi ya kubandika inayobanduka kwenye kadi hufanya vivyo hivyo. Fundi atakayenyoosha kijilimi cha SD bila kuitazama kadi atafanya kosa lilelile.

Kilichoshindwa ni uamuzi wa kuinyoosha pini iliyolala. Nilijua kwamba ilikwisha kupindwa na kadi, ikainuliwa na sindano, ikalazwa tena. Kuinua kwangu kulikuwa mkunjo wa 4. Nilimwonya mteja, na hilo ni jema, lakini onyo langu lilikuwa laini kuliko nilivyokuwa nikiamini moyoni, kwa kuwa nami nilitamani apate kamera Jumamosi. Kama ningemwambia waziwazi kwamba sitegemei pini ile idumu, tungeagiza kamera chakavu siku ileile ya Jumatatu na kupata siku 2 zaidi. Kwa sasa pini iliyokunjwa mara moja mimi huinyoosha. Ikiwa imekwisha kuguswa na mtu mwingine, humshauri mteja abadilishe tundu, na bei humtajia kabla ya kushika sindano.

Simlaumu fundi wa simu aliyetangulia. Alikuwa na tochi na sindano ya kushonea, na aliombwa msaada siku ya Jumapili na mtu aliyekuwa akilia. Kosa lake la kweli lilikuwa kuacha betri ndani, na hilo linarekebishika kwa sentensi moja. Nimemwonyesha sindano yangu iliyokatwa ncha, naye ametengeneza ya kwake.

Msaidizi sasa hubeba kadi kwenye kasha lenye vyumba, na upande wa vitundu vya kila kadi amepaka rangi ya kucha nyekundu ukingoni ili autambue hata gizani. Mteja amempa sheria moja tu: kadi ikigoma, isisukumwe, itolewe na itazamwe kwa tochi ya simu, hata kama bibi harusi yuko mlangoni.